Kutabiri, Kuagua, Kukadiria: Maneno Matatu Chini ya Mulima Nyiragongo

Mutu akitoka Goma kwa barabara ya Rutshuru, kisha kilometa 10 hivi anafika Kanyaruchinya, katika teritwari ya Nyiragongo. Hapo kila kitu kinasimama juu ya majiwe meusi ya volkano: nyumba za mbao, mashamba, masomo, makaburi. Watu wa pahali hapo wanaishi na ulizo moja lisilolala: mulima utatapika tena lini?

Ulizo hilo linapelekwa kwa watu mbalimbali. Mumoja anakwenda usiku kwa mupfumu. Mwingine anakwenda kwa mutu anayejiita nabii katika chumba cha maombi. Mwingine anasikiliza radio, kusudi ajue Kituo cha Volkano cha Goma, kinachoitwa OVG, kimesema nini. Kisha wote watatu wanarudi nyumbani na neno lilelile: mupfumu ametabiri, nabii ametabiri, wenye elimu wametabiri. Na sisi mapadri na makatekista tunatumia neno hilo moja tunapohubiri juu ya Isaya, tunapokataza uaguzi, na tunapotangaza kisha Misa kwamba serikali inaomba watu wawe tayari kuhama. Mukristu akisikia Siku ya Mungu hii kwamba kutabiri ni zambi, na Siku ya Mungu inayofuata kwamba atii utabiri wa wenye elimu, atashika lipi?

Katika kurasa hizi tunataka kufuata historia ya maneno hayo: kwanza katika lugha zetu, kisha katika lugha za zamani tunazojifunza katika seminari, kisha katika neno moja la Kiingereza lenye historia ya pekee. Tutaona kwamba ni kazi tatu mbalimbali, na kwamba chini ya mulima wa moto kuzichanganya kunaweza kuua watu.

I. Maneno ya wazee wetu

Neno la kwanza ni kuagua. Ni neno la Kibantu kabisa. Kinyarwanda kinasema kuragura, Kiganda kinasema kulagula; Kiswahili kimepoteza tu ile «l» ya zamani, sawasawa kilivyofanya kwa maneno mengine mengi. Mwenye kazi hiyo, katika inchi za jirani ya volkano, anaitwa mupfumu.

Wazee walikuwa na namna nyingi za kuagua. Kuna waliopasua kuku na kusoma matumbo yake. Kuna waliorusha inzuzi, ni kusema vipande vidogo vya kuagulia, wakatazama namna vilivyoanguka. Kuna waliotazama mafuta yakiyeyuka katika moto. Lakini tukichunguza maulizo yaliyopelekwa kwa mupfumu, tunaona jambo kubwa: mara nyingi mutu hakuuliza juu ya kesho, aliuliza juu ya jana. Mutoto amekufa, nani amemuua? Ng'ombe hatoi maziwa tena, muzimu gani amekasirika? Ndiyo sababu kwa Kiswahili kuagua ni kutibu vilevile, na ni kuondoa ulozi. Muaguzi anatafuta mwenye kuleta ubaya. Anatafuta mutu kupita anavyotafuta siku.

Mulima nao uliingia katika mawazo hayo. Katika dini ya Ryangombe, iliyoenea Rwanda na sehemu za Kivu, ilisemwa kwamba roho za watu walioingizwa katika kubandwa zinakwenda kustarehe pamoja naye juu ya Karisimbi, na roho za wengine zinatupwa katika moto wa Nyiragongo. Kwa mutu aliyelelewa katika mawazo hayo, mulima ukitapika, ulizo la kwanza haliwezi kuwa: jiwe limepasukaje? Ni hili: nani amekasirika, na nani amemukasirisha?

Lakini tusidharau wazee. Walitazama pia inchi yao kwa macho mazuri. Walijua kwamba katika mabonde fulani kando ya volkano mutu au munyama anaweza kulala asubuhi asiamke, na pahali hapo wakapaita mazuku, pepo mbaya. Leo tunajua kwamba ni gazi ya kaboni inayotoka katika inchi. Kwa kuwa ni nzito kupita hewa, inajikusanya katika mashimo, zaidi usiku wakati hakuna upepo. Wenye elimu ya volkano wamelipokea neno hilo la kwetu na wanaliandika katika vitabu vyao. Jina lilisema pepo, lakini onyo lilikuwa la kweli: usilale hapa, usilaze mutoto wako hapa. Basi hata kwa wazee kulikuwa na kazi mbili zilizokaa nyumba moja: kuagua, na kuonya kufatana na yale macho yaliyoyaona.

II. Maneno yaliyotoka pwani

Maneno mengine yalitufikia pamoja na Kiswahili chenyewe, katika karne ya 19, wakati misafara ya biashara ilipovuka ziwa Tanganyika toka Ujiji ikaingia Maniema, mupaka Kasongo na Nyangwe. Katika lugha hiyo mulikuwa ramli na falaki. Ramli ni neno la Kiarabu, maana yake muchanga: muaguzi anachora alama juu ya muchanga na kuzisoma. Falaki, kwa Kiarabu, ni anga zenye nyota.

Kutabiri ni la Kiarabu vilevile, na hapa tutazame vizuri. Kwa Kiarabu, taabiri ni kufasiria ndoto. Kufatana na maana hiyo ya kwanza, mutabiri ni mwenye kufungua maana ya jambo ambalo mwingine ameonyeshwa. Tukumbuke Yosefu katika inchi ya Misri (Mwanzo 41). Farao ndiye aliyeota, na Yosefu akafasiria: miaka 7 ya shibe, kisha miaka 7 ya njaa. Lakini Yosefu hakusimama hapo. Alimushauri mufalme kuweka katika gala sehemu moja ya tano ya mavuno. Utabiri wake uliishia katika gala za ngano, na ngano ile ikaponya Misri pamoja na nyumba ya baba yake.

Neno la mwisho la Kiarabu ni kukadiria. Shina lake ni lile la «kadiri», ni kusema kipimo, na lile la «kudura», nguvu ya Mungu. Kukadiria ni kupima jambo ambalo halijaonekana lote, kwa yale yaliyokwisha kuonekana. Mwenye kukadiria anajua kwamba anaweza kukosea kidogo au sana. Neno hilo tutalihitaji zaidi.

III. Waroma, Wagriki, Waebrania

Sasa tutoke Kivu, twende kwa mataifa tunayosoma habari zao katika seminari. Tutashangaa kuona kwamba mupfumu ana ndugu zake huko. Waroma walikuwa na waaguzi waliowekwa na serikali. Augur alitazama ndege. Neno auspicium linaunganisha ndege (avis) na kutazama. Haruspex alisoma maini ya munyama aliyechinjwa. Na kabla ya Waroma, nabii Ezekieli anatuonyesha mufalme wa Babeli akisimama penye njia panda, akitikisa mishale na kutazama ini, kusudi ajue ashike njia gani kwenda kupiga vita (Ezekieli 21). Muzee wa Bukumu angemutambua mara moja.

Kazi hiyo Waroma waliiita divinatio, neno linalotoka kwa divinus, ni kusema -a Mungu. Wafaransa na Waingereza wamelichukua wakisema «divination». Jina lenyewe linashitaki: ni kujitwalia kilicho cha Mungu. Hata kati ya wapagani kulikuwa mashaka. Cicero alikuwa yeye mwenyewe augur, hata hivi katika mwaka wa 44 kabla ya Kristu aliandika vitabu viwili juu ya mambo hayo, na katika kile cha pili akayabomoa kwa akili tu, bila msaada wa Maandiko.

Waebrania walikuwa na neno lingine kabisa: nabi, ambalo ni ndugu ya neno letu nabii. Maana yake inaonekana vizuri katika Kutoka 7, pale Mungu anapomwambia Musa kwamba Aroni atakuwa nabii wake mbele ya Farao. Aroni hakumutabiria Musa kitu cho chote. Alikuwa kinywa chake. Wagriki walipotafsiri Maandiko walitumia prophetes, mutu anayesema mbele ya watu kwa ajili ya mwingine. Basi nabii ni kinywa. Mara anasema juu ya mambo yajayo, mara juu ya mambo ya leo, mara juu ya zambi za mufalme, lakini sikuzote anasema neno la yule aliyemutuma.

Kitabu cha Matendo ya Mitume kinaweka mifano miwili ambayo mukatekista angeifundisha pamoja. Katika sura ya 11, Agabo anatangaza kwa Roho kwamba njaa kubwa inakuja. Wakristu wa Antiokia wanafanya nini? Wanachangia, kila mutu kadiri ya uwezo wake, na kupeleka musaada kwa wandugu wa Yudea. Katika sura ya 16, kuna kijakazi mwenye pepo wa uaguzi, naye anawaletea mabwana zake faida nyingi. Paulo alipomufukuza pepo, hao mabwana hawakulia kwa kukosa ukweli. Walilia kwa kukosa feza. Unabii ulifungua mifuko ya watu kwa ajili ya maskini, na uaguzi ulijaza mifuko ya mabwana.

IV. Neno moja la Waingereza

Mupaka hapa tumeona kuagua na kunena kwa jina la Mungu. Imebaki kazi ya tatu, ile ya mwenye elimu anayepima. Kazi hiyo ni ya zamani, lakini kwa muda murefu haikuwa na jina safi. Tunachukua mufano wa Kiingereza kwa sababu huko mutu mumoja alichagua neno kwa kusudi, akaeleza kwa nini.

Neno lenyewe ni «forecast». Limeunganishwa na maneno mawili: «fore», mbele, na «cast», kutupa au kurusha. «Cast» lilifika Uingereza pamoja na lugha ya watu wa Kaskazini, na kwa muda fulani lilikuwa pia na maana ya kuhesabu, kama mutu anayejumlisha hesabu za duka. Basi katika karne ya 15 «forecast» ilikuwa kupanga mapema, kuwaza mbele kama mwenye nyumba mwerevu. Kidogo kidogo ikawa kusema mapema jambo litakalokuja.

Katika mwezi wa 10 mwaka wa 1859, zoruba kali ilipiga pwani za Uingereza, na merikebu iitwayo Royal Charter ikavunjika kando ya kisiwa cha Anglesey. Watu zaidi ya 400 walikufa. Mukubwa wa kazi ya kupima hali ya hewa alikuwa Robert FitzRoy, baharia aliyeongoza merikebu Beagle katika safari ya 1831 hata 1836, ile iliyomuchukua Charles Darwin. FitzRoy alikuwa Mukristu mwenye bidii. Aliona kwamba kwa telegrafu watu wa pwani mbalimbali wanaweza kumupasha habari za upepo na za uzito wa hewa siku ileile, naye akapima na kuonya. Mwaka wa 1861 alianza kupeleka maonyo ya zoruba kwa bandari, na tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka huohuo gazeti The Times likachapa makadirio ya kwanza ya hali ya hewa kwa watu wote.

FitzRoy alikataa yasiitwe unabii wala ubashiri. Alieleza kwamba «forecast» ni jina la wazo linalotoka katika vipimo na hesabu. Ilikuwa haki kwa pande mbili: hakutaka kuiba heshima ya manabii, wala hakutaka kuhesabiwa pamoja na waaguzi.

Watu hawakumuelewa wote. Siku makadirio yalipokosea, walimucheka. FitzRoy, aliyechoka na kulemewa na huzuni, alijiua tarehe 30 mwezi wa 4 mwaka wa 1865. Mwaka uliofuata kazi yake ilisimamishwa, ikisemwa kwamba elimu yake haijakomaa. Wenye vyombo vya bahari wakalalamika, na mwaka wa 1867 maonyo ya zoruba yakarudi. Hao watu wa bahari hawakudai onyo lisilokosea hata mara moja. Walijua tu kwamba onyo linalokosea mara moja moja ni afadhali kupita kimya.

V. Mulima wetu

Turudi Kanyaruchinya. Nyiragongo una metre 3.470, na kwa muda murefu ndani ya shimo lake mulikuwa ziwa la lava, ambalo Haroun Tazieff alilichunguza toka mwaka wa 1948. Tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka wa 1977 ubavu wa mulima ulipasuka na ziwa hilo likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Lava ilikuwa nyepesi sana, ikakimbia kwa mwendo wa motokari. Watu wengi wa vijiji hawakuweza kutoroka.

Mwaka wa 1986 OVG ilianzishwa kusudi mulima upimwe kila siku. Kisha vita na umaskini vikaingia. Kabla ya tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka wa 2002, mwenye elimu wa kwetu, Dieudonné Wafula Mifundi, alikuwa ameona mabadiliko na kuwaandikia wenzake wa inchi nyingine. Vyombo vilikuwa vichache, na masikio yaliyosikia yalikuwa machache. Siku ile lava iliingia katikati ya Goma, ikateketeza sehemu kubwa ya muji pamoja na kanisa kubwa la Mutakatifu Yosefu. Watu mamia ya maelfu walikimbia, wengi kwenda Gisenyi.

Mara ya tatu ilikuwa jioni ya Jumamosi tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka wa 2021, kesha la Pentekoste. Lava ilishuka upande wa Goma, ikakata barabara ya Rutshuru, ikachoma vijiji vya Nyiragongo, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu 30 na zaidi walikufa, nyumba maelfu zikateketea. Wenye elimu walipochunguza baadaye, waliandika katika mwaka wa 2022 kwamba lava ilikuwa imekwisha kuwa karibu sana na uso wa mulima, na kwamba ishara wazi zilionekana kwa vyombo muda usiofika saa moja kabla ya mulima kupasuka. Hapa elimu yenyewe ilikiri mupaka wake. Kulikuwa na mambo ambayo vipimo havikuweza kuyaonyesha mapema.

Kisha likatokea jambo tunalotaka wandugu wetu walishike. Inchi iliendelea kutetemeka, barabara za Goma zikapasuka, na vipimo vikaonyesha kwamba moto umeingia chini ya muji, hata chini ya ziwa Kivu. Asubuhi mapema ya tarehe 27 mwezi wa 5, guvernere wa kijeshi Constant Ndima akaamuru watu wa mitaa 10 ya Goma waondoke. Watu karibu 400.000 walienda Sake, Rutshuru, Rwanda, Bukavu. Wengi waliteseka kwa kiu na kwa kulala inje. Mulima haukutapika mara ya pili. Mwanzo wa mwezi wa 6 watu walianza kurudishwa, na wengine wakasema: wametudanganya.

Je, walidanganywa? Ulizo hilo ndilo linalotuonyesha faida ya kutenga maneno.

VI. Yona na Mutakatifu Tomaso

Kitabu cha Kumbukumbu la Sheria, sura ya 18, kinatoa kipimo cha nabii: akisema kwa jina la Bwana, na neno lisitimie, Bwana hakumutuma. Sura hiyohiyo inakataza kwanza uaguzi wote. Mutu akitwaa kipimo hicho na kukipeleka kwa OVG, ataita wenye elimu manabii wa uongo. Lakini hao hawakusema kwa jina la Bwana. Walisema kwa jina la vipimo. Walikadiria hatari, wakaionya serikali. Hatari isipotokea, hatari haikuwa uongo. Mutu anayezunguka mazuku usiku na kufika nyumbani muzima hasemi kwamba mazuku hayako.

Tena, Maandiko yenyewe yanatuonyesha onyo lililotoka kwa Mungu na lisilotimia. Yona alitangaza katika Ninawi siku 40 na maangamizi. Watu wakafunga na kuvaa magunia, muji ukapona. Aliyekasirika ni Yona peke yake, kwa sababu alipenda neno lake litimie kupita alivyopenda watu wapone. Mutakatifu Tomaso wa Akwino anaita unabii wa namna hiyo unabii wa kutisha, prophetia comminationis (II-II, q. 174, a. 1): unaonyesha jambo linaloelekea kutokea kufatana na sababu zake, nalo laweza kuzuiwa.

Tomaso huyohuyo, katika q. 95, anapanga mambo yajayo katika mafungu. Yako yanayofuata sababu zao kwa lazima, na mwenye elimu ya nyota anaweza kutangaza kupatwa kwa jua. Yako yanayofuata sababu zao mara nyingi lakini si sikuzote, kama mvua, au ugonjwa na kupona. Hapo muganga anakadiria kwa dalili. Kusema mapema mambo ya mafungu hayo mawili kwa kutazama sababu zao si uaguzi hata kidogo. Lakini yako mengine yasiyoonekana katika sababu zake, zaidi matendo ya mutu mwenye uhuru; hayo Mungu peke yake anayajua katika yenyewe. Mutu akijidai kuyajua bila Mungu kumufunulia, hapo ndipo divinatio, na hapo ndipo zambi. Katekisimu ya Ekleziya ya mwaka wa 1992 inafundisha vilevile katika namba 2115 na zile zinazofuata. Na Bwana wetu hakuwagombeza watu kwa kusoma mawingu mekundu na upepo wa kusini (Mateo 16, Luka 12). Aliwagombeza kwa kuwa walijua kusoma anga lakini hawakutaka kusoma wakati wao.

VII. Kazi yetu kwa Wakristu

Mambo haya si ya darasa tu. Kanyaruchinya imekuwa pia kimbilio la watu wa vita. Mwaka wa 2012 kambi kubwa ilikuwa hapo, na watu wakakimbia tena katika mwezi wa 11, vita vilipofika Goma. Toka mwaka wa 2022 makumi ya maelfu walijaa tena juu ya majiwe yaleyale, wakipigwa na mvua, mupaka kambi za kando ya Goma zilipoondolewa mwanzoni mwa mwaka wa 2025. Mutu ambaye amepoteza shamba, na asiyejua kama kesho atalala hapa au pengine, atanunua hata neno. Wauzaji wa maono wanalijua hilo.

Na uaguzi, kwa kuwa unatafuta mutu, unaishia kumupata. Katika Kivu ya Kusini, mwaka wa 2021, wanawake wazee waliuawa kisha kuitwa walozi. Kati ya wenye kuwashitaki kulikuwa wanaoitwa bajakazi, ambao wanasali na kuagua pamoja. Mwenye kukadiria mulima akikosea, watu wanapoteza siku chache na nguvu za mwendo. Muaguzi akikosea, mama muzee anachomwa moto, na hakuna atakayemurudisha.

Kwa hiyo tunawashauri wandugu mapadri, waseminari na makatekista mambo manne.

La kwanza, tutumie maneno mbalimbali. Tuseme uaguzi kwa kazi ya mupfumu na ya ramli, hata ikivaa rozari. Tuseme unabii kwa neno la Mungu lililopokelewa katika Maandiko na kuchunguzwa na Ekleziya. Tuseme makadirio, au onyo, kwa kazi ya wenye elimu. Neno kutabiri tulitumie kwa uangalifu, tukikumbuka Yosefu na gala zake.

La pili, tangazo la OVG lisomwe katika kanisa kama linavyoandikwa, bila kuongeza ndoto wala kupunguza hatari. Ikisemwa kwamba watu wawe tayari, mukatekista ajue wazee na wagonjwa wa mutaa wake ni nani, na nani atawabeba. Hiyo ndiyo gala yetu ya ngano.

La tatu, asiwe mutu wa kusema kwamba Mungu amemuonyesha mulima hautatapika, basi watu wabaki. Wala asiwe mutu wa kusema kwamba mulima umetapika juu ya zambi za fulani. Yezu alijibu jambo hilo aliposema juu ya wale 18 walioangukiwa na munara wa Siloamu (Luka 13): hawakuwa wakosefu kupita wengine. Aliwaita wote kwa toba, hakumuonyesha mutu kidole.

La ine, watu wakirudi nyumbani na musiba usitokee, tusiwaache wacheke wenye kuonya. Tuimbe Te Deum. Mufalme wa Ninawi hakumudai Yona gharama ya magunia.

Waroma walikuwa na neno lingine ambalo tumeliweka kwa mwisho: providentia, kuona mbele. Neno prudentia, busara, limezaliwa nalo, likiwa limefupishwa tu. Mungu peke yake ndiye anayeona mbele yote, na kwa Maongozi yake anashika mulima na watu wake. Kwetu ametoa sehemu ndogo ya kuona huko: macho, vyombo vya kupima, na akili ya kukadiria. Mutu wa Kanyaruchinya anayelala akiwa ametia nguo za watoto katika mufuko mumoja karibu na mulango, kisha akasali sala ya jioni, hajapungukiwa imani. Ametumia sehemu yake, na iliyobaki amemuachia mwenyewe.